Sosi ya kuku wa kuchoma kama ya mgahawani: namna ya kuipika nyumbani hadi ifanane

Nilipika sosi hii mara saba kabla sijagundua nilikokuwa nakosea. Kuku wa mgahawa ninaouiga huja na sosi nyekundu inayoelekea kahawia, isiyo na utamu wa sukari, iliyokolea chumvi na ladha ya nyama hadi unajikuta unalamba vidole mbele za watu. Nyumbani kila nilichokoroga kilikuwa kizuri kikiwa sufuriani, lakini kikishapakwa kwenye kuku kinakuwa kitu kingine kabisa.

Siku moja nikapata meza iliyo karibu na dirisha la jikoni. Nikamwona mpishi anatoa kuku kwenye wavu, anampumzisha kwenye trei dakika chache, kisha yale maji na mafuta yaliyochuruzika kwenye trei anayamimina ndani ya kikaango chenye sosi. Akarudisha kuku humo, akamgeuza mara tatu nne, akapakua. Kumbe sosi niliyoipenda sikuwahi kuila peke yake. Nilikuwa nakula sosi pamoja na mchuzi wa kuku, mafuta yake na moshi uliomwingia. Halafu nyumbani nikawa nailinganisha na kijiko cha sosi tupu!

Kwa hiyo mwongozo huu una kazi tatu: kuipeleleza sosi, kuipika, na kuikutanisha na kuku. Hiyo ya tatu ndiyo wengi huiruka.

Ipeleleze kwanza

Ukienda kula, omba sosi ya ziada ije kando kwenye kibakuli. Tandaza kidogo kwenye sahani nyeupe kwa mgongo wa kijiko, uitazame. Ikiacha duara la mafuta pembeni, ina siagi au mafuta mengi. Iking'aa kama kioo na kuvutika inapodondoka, huenda imetiwa wanga. Chembe nyeusi ni pilipili manga, na vumbi jekundu linalong'ang'ania sahani ni paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu isiyo kali, au pilipili kali ya unga.

Kisha ziba pua, onja, hesabu hadi tano, halafu achia pua. Pua ikiwa imezibwa, ulimi unakuambia mambo machache tu: chumvi, uchachu, utamu, uchungu na ile ladha nzito ya nyama inayoitwa umami. Ukiachia pua, vinaingia vyote vilivyobaki: moshi, kitunguu saumu, bizari, haradali. Andika orodha mbili mbali mbali. Faida yake ni kwamba ukikosea baadaye utajua kosa ni la ulimi, ambalo hurekebishwa kwa chumvi, siki au sosi ya soya, au ni la pua, ambalo hurekebishwa kwa viungo.

Sosi iliyobaki ichukue nyumbani. Igandishe kwenye trei ya barafu, ili kila unapojaribu utoe kipande kimoja cha kulinganisha. Kukumbuka ladha kwa kichwa hakutoshi. Baada ya wiki moja unaanza kukumbuka ladha ya ulichopika wewe. Kipande kimoja kifanyie kazi hii: kijiko kimoja cha sosi, vijiko vinne vya maji ya moto, koroga, nusa, onja. Uzito wa sosi huficha viungo, na ikishakuwa nyepesi harufu zinapanda moja moja. Ipitishe kwenye chujio la chai utazame mabaki. Mimi huko ndiko nilikoona nyuzi za kitunguu, nikajua sosi yao haitumii kitunguu cha unga peke yake.

Kuna njia nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mhudumu hatakupa resipe, lakini swali la vyakula vinavyosababisha mzio hulijibu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014 migahawa inalazimika kumweleza mteja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vya aina hiyo, na humo mna soya, haradali, samaki, maziwa, mayai na selari. Huna haja ya kujifanya mgonjwa, uliza tu. Ukiambiwa sosi nyekundu ya kuku ina soya na samaki, basi karibu kwa hakika kuna sosi ya soya na sosi ya Worcestershire, ambayo hutengenezwa kwa anchovi, samaki wadogo waliochachushwa. Na kama mgahawa unauza sosi yake kwenye chupa, soma lebo. Viambato huorodheshwa kuanzia chenye uzito mkubwa kwenda kidogo, na kwa kuwa chumvi haizidi asilimia chache ya sosi, vyote vilivyoandikwa baada ya chumvi ni vya kutia kidogo sana.

Jua ni ya ukoo gani

Si kila sosi ya kuku wa kuchoma ni ya nyanya. Huko Decatur, Alabama, Bob Gibson alianza mwaka 1925 kuwachovya kuku wake kwenye sosi nyeupe ya mayonezi, siki na pilipili manga. Robert Baker wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, alichapisha mwaka 1950 sosi isiyo na nyanya wala sukari: sehemu mbili za siki ya tufaha, sehemu moja ya mafuta, yai moja, chumvi, pilipili manga na majani makavu ya viungo. Yai kazi yake ni kuyashika mafuta na siki visiachane. Kama sosi unayoifuata ni nyepesi, chachu, na inaacha ngozi ya kuku ikiwa ya dhahabu badala ya nyekundu, uko kwenye ukoo huo na mahitaji ya hapa chini hayatakufaa. Kama ni nyekundu, nzito na yenye ladha ya nyama, endelea.

Mahitaji

Hiki ni kianzio. Kinatosha kuku wa kilo moja na nusu, na sosi hutoka kama nusu lita.

- Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya chakula
- Kitunguu maji 1 kikubwa, kilichokunwa
- Kitunguu saumu, punje 4 zilizopondwa
- Rojo zito la nyanya la kopo, gramu 70
- Supu ya mifupa ya kuku isiyotiwa chumvi, mililita 500
- Sosi ya soya, vijiko 3 vya chakula
- Sosi ya Worcestershire, vijiko 2 vya chakula
- Siki ya tufaha, vijiko 4 vya chakula, igawe mara mbili
- Sukari ya kahawia, vijiko 2 vya chakula, visivyojaa sana
- Haradali ya kupaka, kijiko 1 cha chakula
- Paprika ya moshi, vijiko 2 vya chai
- Pilipili manga iliyosagwa, kijiko 1 cha chai
- Bizari nyembamba ya unga, nusu kijiko cha chai
- Pilipili kali ya unga, kiasi cha ncha ya kisu
- Siagi, gramu 20

Chumvi haimo kwenye orodha, na sijaisahau. Sosi ya soya ya kawaida ina chumvi kama gramu 16 katika kila mililita 100, kwa hiyo vijiko vile vitatu peke yake vimeleta gramu 7. Sosi ikipungua motoni chumvi hiyo haipungui, inazidi kukolea. Anayetia chumvi mwanzoni huishia kuongeza sukari ili aifunike, kisha siki ili afunike sukari, na mwisho anapata kitu kinachofanana na sosi ya duka.

Supu ya kuku nayo si ya kujazia. Mwaka 1908 mwanakemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alitenga glutamati kutoka kwenye mwani na kuipa ladha yake jina la umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akapata inosinati, kitu kingine chenye ladha hiyo, kwenye samaki mkavu. Baadaye ilifahamika kwamba vitu hivi viwili vikikutana, ladha haijumlishwi tu, inaruka juu. Nyanya na sosi ya soya zina glutamati kwa wingi, na nyama ya kuku na samaki ina inosinati. Ndiyo maana ukibadilisha supu kwa maji, sosi inakuwa na kila kitu na bado inapwaya.

Kupika

Bandika sufuria yenye kitako kizito, moto wa kadiri. Tia mafuta, kisha kitunguu, na ukikaange dakika kumi hadi kumi na mbili mpaka kiwe kahawia ya dhahabu. Usiuongeze moto ili uwahi. Kitunguu kilichokunwa kina maji mengi, yatakauka kwanza ndipo kianze kubadilika rangi, na kikianza kinakwenda mbio, kwa hiyo usiondoke. Kitunguu saumu kiingie dakika ya mwisho tu.

Sasa tia rojo la nyanya, na hapa utulie. Likiingia ni jekundu la kung'aa na linanuka kopo. Lisambaze kwenye kitako cha sufuria, liache nusu dakika, likwangue, ligeuze, lisambaze tena. Baada ya dakika nne au tano rangi inageuka ya matofali, mafuta yanajitenga pembeni, na harufu inabadilika kutoka kwenye uchachu kuja kwenye kitu kinachokaribia nyama iliyokaangwa. Sukari na protini za nyanya zimeanza kuungua kwa faida. Ukinambia sosi yako ina ladha ya kopo, nitakujibu bila kuionja kwamba hatua hii uliifanya kwa dakika moja.

Viungo vya unga vifuate, sekunde thelathini, huku unakoroga. Paprika ina sukari na huungua upesi ikawa chungu, na uchungu huo hauna dawa. Mara moja mimina nusu ya siki. Itafoka na kukupiga puani, jiepushe kidogo, kisha kwangua kwa mwiko kila kilichogandia chini, maana ladha nyingi imejificha hapo.

Mimina supu, sosi ya soya, Worcestershire, sukari na haradali. Chovya mpini wa mwiko wima hadi kwenye kitako na uweke alama pale sosi ilipofika. Acha itokote polepole bila kifuniko, dakika 25 hadi 30, mpaka ifike theluthi mbili ya ile alama. Usitumie saa peke yake. Sufuria pana hukausha haraka kuliko nyembamba.

Ipoe kidogo, isage kwenye blenda, ipitishe kwenye chujio ukiikandamiza kwa kijiko. Blenda isiwe imejaa, na kifuniko kiachie upenyo huku umekifunika kwa kitambaa, kwa sababu mvuke wa sosi ya moto unaweza kukirusha juu. Irudishe sufuriani, ipate moto, epua, kisha tia siki iliyobaki na siagi huku unakoroga. Siki ya mwanzo imeshapoteza ukali wake motoni na kubaki kama uti wa mgongo. Hii ya mwisho ndiyo inayoichangamsha.

Kuonja na kurekebisha

Usionje kwa kijiko kitupu. Chukua kipande cha kuku aliyechemshwa bila chumvi, kichovye, ule. Sosi ambayo kwa kijiko inaonekana kali kidogo, kwenye nyama huwa sawasawa, na ile iliyo sawa kwa kijiko hupotea kabisa ikikutana na kuku.

Yeyusha kile kipande ulichogandisha, zipashe sosi zote mbili zilingane moto, maana sosi ya baridi huficha utamu. Sasa tafuta tofauti. Usirekebishe sufuria nzima. Chota vijiko viwili kwenye kikombe, jaribu humo, andika ulichotia, ndipo upigie hesabu ya sufuria yote.

Ikiwa imepooza, mkono wa kwanza unakimbilia chumvi. Uzuie. Jaribu matone mawili ya siki kwanza, na mara nyingi chumvi iliyokuwemo itajitokeza yenyewe. Ikiwa siki haikusaidia, hapo ndipo utie chumvi, chembe kwa chembe. Ikiwa imekolea chumvi kupita kiasi, ongeza supu isiyo na chumvi. Viazi vya kunyonya chumvi ni hadithi. Ikiwa ina kila kitu lakini haikai mdomoni, ladha inaisha ukishameza, imepungukiwa na umami: nusu kijiko cha chai cha sosi ya soya, au chembe za glutamati ya kopo kama huna kinyongo nayo. Mimi sina. Na ikiwa tamu, usipambane nayo kwa pilipili. Pika tena na sukari pungufu, basi.

Moshi ni mtihani. Paprika ya moshi hutoa moshi laini na wa mbali. Wengine huongeza moshi wa maji wa chupa, na ukitaka kuutumia, tone moja kwa nusu lita, onja kesho yake. Ukizidisha, sosi inanuka nguo za mtu aliyekesha motoni. Kama utamchoma kuku kwenye makaa, subiri kwanza, huenda usiuhitaji.

Kuikutanisha na kuku

Usiku wa kuamkia siku ya kuchoma, mpake kuku chumvi gramu 15 kwa kilo moja na nusu, mweke kwenye friji bila kumfunika, chini kabisa asidondokee vingine. Chumvi inaingia ndani na ngozi inakauka. Ngozi yenye maji haishiki sosi, inaitelezesha.

Panga makaa upande mmoja wa jiko, upande wa pili uache mtupu, na chini ya huo mtupu weka trei ya bati yenye maji kidogo sana. Hii ndiyo trei ya yule mpishi. Weka kuku upande wa trei, ngozi juu, ufunike. Vipande vyenye mfupa vitachukua dakika 35 hadi 45, na kila kinachodondoka kinaingia kwenye trei badala ya kuwaka kwenye makaa. Kama huna jiko la makaa, oveni ya nyuzi 200 na trei chini ya wavu inafaa; utakosa moshi tu, na paprika itakusaidia.

Kuna pupa ya kupaka sosi tangu mwanzo. Sukari na nyanya vitaungua kabla nyama haijaiva, utapata kuku mweusi nje na mwekundu mfupani. Paka dakika kumi za mwisho, mara mbili au tatu, safu nyembamba, kila safu ikauke ndipo uongeze. Sosi ya kupaka itenge kwenye bakuli lake, na brashi iliyogusa kuku ambaye hajaiva isirudi kwenye sosi ya mezani. Kipimajoto kikisoma nyuzi 74 katikati ya nyama, mbali na mfupa, kuku ni salama. Kidari kitoe hapo hapo. Paja liache hadi 80 au zaidi, linalainika.

Mpumzishe kuku dakika tano kwenye sahani. Wakati huo mimina ya kwenye trei na ya kwenye sahani ndani ya kikaango, engua mafuta ubakishe kama kijiko kimoja, yapike yachemke kwa nguvu hadi maji yapungue, kisha tia kikombe kimoja cha sosi. Itabadilika mbele ya macho yako: inakuwa nyeusi kidogo, inang'aa, inanuka nyama. Mrudishe kuku, mgeuze mara tatu nne, pakua.

Sosi iliyobaki ambayo haijagusana na kuku hukaa kwenye friji siku tano, na kwenye friza miezi mitatu. Isikae kabatini hata ukiifunga vizuri kwenye chupa, maana ina supu na kitunguu, na uchachu wake haujapimwa.

Mtihani wa vijiko vitatu

Ukijipima mwenyewe utajipendelea. Mwite mtu mwingine, mgeuzie mgongo, weka vijiko vitatu: viwili vya sosi moja, kimoja cha nyingine. Muulize kipi si ndugu ya wenzake. Rudia mara sita au saba kwa kubadilisha mpangilio, kwa sababu hata anayebahatisha hupata moja katika tatu. Akianza kukosea kama anayebahatisha, umefika.

Dada yangu alipata zote saba. Nilipomuuliza alitambuaje, akasema yangu inachoma kwenye ncha ya ulimi na ile ya mgahawa inachoma kooni, baadaye kidogo. Nikaenda kuitazama tena ile sosi ya kwenye sahani nyeupe. Chembe nyeusi zilikuwa chache mno kwa ukali ule. Nikaondoa nusu ya pilipili manga nyeusi, nikaweka nyeupe. Wiki iliyofuata alipata tatu kati ya saba, akakasirika, akaomba kuku.